Namba za Penseli

Kericho,
Jumapili alasiri.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Ni mchana lakini nimejifunika blanketi mabegani, na mvua inapiga mabati ya Shangazi hata sijisikii nikikohoa. Mguu wako unaendeleaje? Chelang'at aliniandikia kwamba uvimbe umepungua, lakini bado unasimama sokoni tangu asubuhi mpaka watu waishe. Tafadhali Mama, kalia lile debe. Wateja watakuona hata ukiwa umekaa. Na Chelang'at mwenyewe je, ameacha kulia akienda shule? Mwambie nilipata picha aliyochora, nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Mimi si mgonjwa. Nakula vizuri, Shangazi hanipunguzii kitu. Lakini barua hii si nzuri, na nimeianza mara tatu nikaichana. Nilifanya kosa ofisini. Dada Wambui alifukuzwa kazi kwa sababu ya kosa hilo, nami nilikuwa nimesimama pale pale na nikanyamaza. Nakuandikia ili ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Unamkumbuka Dada Wambui, nilikueleza habari zake katika barua ya kwanza. Ndiye karani mkubwa, na ndiye aliyenipokea siku ile pasta wa Shangazi aliponipeleka pale na cheti changu cha Form Four ndani ya bahasha. Kwao ni Kedowa. Wazazi wake ni Wakikuyu waliotoka Nyeri zamani, yeye amezaliwa huku huku, na anaijua Kericho kuliko mimi ninayebeba jina la huku. Wiki za kwanza nilikuwa naogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Yeye ndiye aliyegundua. Akaniambia, "Wee msichana wa Voi, hapa si shule. Ukitaka kutoka, toka." Tangu siku hiyo nilimpenda.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yenyewe, kwa hiyo ngoja nieleze, la sivyo hutaelewa kosa langu. Kila kompyuta inayotaka kuzungumza na kompyuta nyingine za dunia lazima iwe na namba yake. Haiwezekani mbili ziwe na namba moja. Mtu hajitungii namba hizo. Zinatoka ng'ambo kwa wale wanaozigawa, zinafika Nairobi kwa mafungu, na Nairobi imetukatia sisi wa Kericho fungu letu la namba mia mbili hamsini na sita, kuanzia sifuri. Kazi yetu ni kuwakatia wateja wetu na kuandika katika kitabu nani amepewa ngapi, kutoka wapi mpaka wapi. Hiki ni kitabu cha kawaida chenye jalada gumu jekundu, Mama, kama kile cha mahudhurio cha darasani. Lakini kikikosewa, watu hawapatikani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mteja akija kuomba namba thelathini na mbili, tunamwandika kwa wino. Halafu zile thelathini na mbili zinazofuata hazipewi mtu. Tunaandika jina lake hapo kwa penseli. Siku akiongeza kompyuta, anapewa hizo za kando, na zake zote zinakuwa fungu moja. Mashine ya Nairobi inaendelea kumjua kwa mstari mmoja, naye hahami. Ni kama mwenye soko angekuachia nafasi iliyo karibu na meza yako, isikaliwe na mtu, mpaka utakapopata mzigo wa kutosha meza mbili. Nafasi hiyo ikipewa mtu mwingine, siku mzigo wako ukizidi itabidi uhame na kila kitu uende kona nyingine, na wateja wako wakutafute upya.

Dada Wambui alinifundisha hivi: "Wino ni kile tumetoa. Penseli ni kile tumeahidi. Biro utaishika baada ya mwaka mmoja. Na raba usiishike kabisa."

Niliishika.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Mama yake Dada Wambui alikuwa ameugua kifua, na yeye akaenda Kedowa kumpeleka zahanati. Hakuwa amemwomba ruhusa meneja, Bwana Mutiso, ambaye anakaa Nairobi na huja huku mara mbili kwa mwezi. Aliniambia, "Akipiga simu, sema nimetoka kidogo." Nikabaki peke yangu na kitabu.

Saa nne hivi akaingia mzee mmoja na kofia yake na fimbo, koti limelowa. Anaitwa Mzee arap Tonui, ni mmoja wa wakubwa katika kamati ya kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Bomet ambacho ni mteja wetu. Alinisalimia kwa Kipsigis. Nilimjibu maneno mawili, halafu yakaniishia, kama kawaida yangu. Unajua, Mama, ninavyoona aibu. Huku kila mtu akisikia jina langu ananisemesha Kipsigis, na nikijibu kwa Kiswahili ananitazama kama nimemtusi.

Lakini yeye hakukasirika. Aliketi, akauliza kwa Kiswahili, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikataja jina la Baba.

"Yule mwalimu aliyepotelea pwani?"

"Ndiyo, Mzee. Alifariki."

"Tulisikia. Na wewe, ulipozaliwa, uliitiwa nani?"

Hilo swali nililielewa, kwa sababu Baba alinisimulia mara nyingi. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba nilipozaliwa hospitali ya Voi, yeye peke yake bila mama wala dada zake wa kumsaidia, alinishika akaanza kutaja majina ya wazee wa kwao waliokufa, mmoja mmoja, akingoja nipige chafya? Wewe ulicheka ukasema mtoto atapata mafua. Na nilipiga chafya kwenye jina la Tabutany, nyanya yake Baba. Kwa hiyo nikamwambia yule mzee, "Niliitiwa Tabutany."

Mama, alivua kofia. Aliniuliza Tabutany wa wapi, nikamwambia wa Merigi, yule aliyekuwa na jicho moja. Mzee akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlengalenga. "Kogo," akasema. "Huyo ni dada ya nyanya yangu. Ndiye aliyenilea mama yangu alipokufa. Kogo, kumbe uko hapa, na mimi napita chini ya ofisi yako kila wiki?"

Kogo ni nyanya. Huku, mtoto aliyeitiwa marehemu huitwa kama marehemu angeitwa, na hawafanyi mchezo. Nina miaka kumi na minane, na mzee wa kiwanda mwenye mvi ananiita nyanya yake na kunivulia kofia. Tangu nifike huku hakuna aliyenipokea hivyo. Hata Shangazi, ambaye ananipenda, bado ana uchungu kwamba tulimzika Baba huko kwetu badala ya kumleta, na wakati mwingine ananiambia "nyinyi wa kule". Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilijiona wa hapa.

Ndipo akasema shida yake. Kiwanda kimenunua kompyuta nyingine, namba zimekwisha. Nikafungua kitabu. Kiwanda chao kinaanzia 128 mpaka 191, na ile akiba yao walikwisha kuitumia. Kuanzia 192 kuna benki. Nikamwambia itabidi tuandike barua Nairobi tuombe fungu jipya, labda wiki sita. Yeye akainama juu ya kitabu, akaweka kidole chini ya 128.

"Na hii hapa? 96 mpaka 127. Si iko wazi?"

"Hiyo imewekewa chuo, Mzee." Ni chuo kimoja cha ufundi huko huko upande wa Bomet. Kwa wino walikuwa na 64 mpaka 95, na hizo zilizofuata zilikuwa zao kwa penseli.

"Wanazitumia?"

"Bado."

"Imepakana na yetu?"

"Ndiyo, imepakana."

Akacheka kidogo. "Basi Kogo, mjukuu wako ana njaa na chakula kiko kwenye chungu. Utamwambia angoje mgeni ambaye hajafika? Nyanya yangu Tabutany hajawahi kuninyima. Hata siku moja."

Sikuweza kusema hapana. Nilijaribu, Mama. Lakini nyanya huku hamnyimi mjukuu kitu anachokiomba kwa mdomo wake, na mimi nilitaka kuwa huyo nyanya kuliko nilivyotaka kuwa karani. Nikachukua raba. Nikachukua biro ya Dada Wambui. Nikaandika 96 mpaka 127 na jina la kiwanda kwa mwandiko ule ule alionifundisha yeye. Mzee akanibariki, akaniachia maziwa ya chupa. Nilifurahi mpaka jioni.

Dada Wambui aliporudi sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia kesho. Halafu Nairobi wakaongeza mstari wa pili kwa ajili ya kiwanda bila kuuliza kitu, maana wanaamini kitabu chetu, na zikapita wiki. Baadaye nilijifunza kwamba hata yule mzee sikumsaidia. Namba hizo zimepakana lakini haziungani. 96 inakwenda na 64, na 128 inakwenda na 160. Mpaka uko hapo katikati na hauvukwi. Mimi niliona tu kwamba zinafuatana, kama vile mtu anavyoona mashamba mawili yamegusana.

Mwezi uliopita chuo kikapata kompyuta za msaada, darasa zima. Mkuu wa chuo akaja mwenyewe kuomba zile namba za kando. Dada Wambui alimkaribisha kwa furaha. "Mwalimu, nilikuambia nafasi yenu iko. Hamtahama." Akafungua kitabu.

Niliona uso wake. Aligeuza ukurasa, akaurudisha, akapitisha kidole pale karatasi ilipochubuka na raba. Mkuu wa chuo akauliza, "Ni nini?" Naye akasema, "Ngoja kidogo, Mwalimu." Halafu akanitazama. Mimi nikainama kutafuta kitu chini ya meza.

Hakukuwa na fungu jingine la kando. Chuo kikaambiwa kingoje fungu jipya kabisa kutoka Nairobi, kihamie huko, kibadilishe kila kompyuta, za zamani na mpya. Fundi wao ni mmoja tu. Wanafunzi wakakaa bila darasa. Mkuu wa chuo akaandika Nairobi kwamba aliahidiwa na karani Wambui, na kwamba nafasi yake imeuzwa. Ndivyo alivyoandika: imeuzwa.

Bwana Mutiso akaja Jumanne. Aliweka kitabu mezani, akatuita sote wawili.

"Nani amefuta hapa?"

Dada Wambui akanigeukia. Hakunikazia macho, Mama. Alinitazama tu kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu. Nikatazama viatu.

"Wambui, nakuuliza. Kiwanda kilikupa nini?"

"Sikupewa kitu."

"Kwa hiyo ulifuta bure? Kwa mapenzi?"

Akanitazama tena, bado akiningoja. Halafu akasema, "Kitabu ni changu. Mimi ndiye ninayejibu."

"Basi nenda nyumbani. Tutakuandikia."

Akachukua mwavuli wake na kikombe chake. Kwenye ngazi, muuzaji wa duka la misumari lililo chini ya ofisi yetu alimwona na kikombe mkononi, akaelewa. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Si nilisema? Hao wanaweza kukuuzia hata hewa." Wakacheka. Dada Wambui alipita katikati yao akasema, "Habari za kazi," kama siku zote.

Mimi nikapewa kiti chake. Bwana Mutiso akaniambia, "Wewe angalau ni mtoto mwaminifu." Nilikaa kwenye kiti hicho wiki tatu. Nilikuwa nikifungua kitabu kila asubuhi na kitu cha kwanza ninachokiona ni mwandiko wake, kurasa na kurasa, na majina yote aliyoyaandika kwa penseli, hata wadogo wadogo wenye kompyuta mbili, kila mmoja na nafasi yake kando. Sikulala vizuri. Shangazi alidhani nina minyoo.

Jumamosi moja nikaenda Kedowa. Nilimkuta kando ya barabara na mama yake, wanapanga viazi kwenye ndoo. Aliniona tangu nikiwa mbali, akaendelea kupanga.

"Umekuja kununua viazi ama umekuja kulia?"

"Nimekuja kusema ni mimi."

"Hilo najua. Nilijua siku ile ile. Sita yako unaianzia chini. Nimekukataza mara ngapi?"

Nikauliza, "Mbona hukumwambia?"

Akaweka kiazi chini. "Ningemwambia nini? Kwamba sikuwa ofisini, nilitoroka kazi? Halafu niseme ni wewe? Mtoto wa hapa, juzi ametoka shule, hawezi hata kuinua macho. Na mimi ni nani? Ingekuwa maneno ya Mkikuyu. Nimeishi hapa, Chepkoech. Najua maneno yangu yanafika wapi." Akafuta mikono kwenye leso. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilingoja mpaka nikafika kwenye ngazi. Nikafikiri atanifuata kwenye ngazi."

Mama yake, ambaye bado anakohoa, akauliza, "Ni nani huyu?"

"Ni yule wa ofisini, Mama."

"Yule ulisema ni mtoto mzuri?"

"Huyo."

Nikaanza kulia. Dada Wambui akasema, "Usinililie hapa, wateja watadhani viazi vimeoza." Lakini hakutabasamu. Akapima ndoo moja ya mama mmoja aliyesimama, akapokea, akarudi kwangu. "Msamaha wako mimi nitafanyia nini? Mimi nataka jina langu. Watu wa kanisani wananiuliza kama ni kweli. Nenda ukaseme pale ulipokaa kimya."

Nilirudi nikiwa nimeamua, lakini unanijua. Bwana Mutiso alipokuja nilijaribu kusema na sauti haikutoka. Basi nikafanya kitu kingine. Nilifungua kitabu kwenye ukurasa ule, na chini ya 127 nikaandika kwa wino: "Mimi, Chepkoech, ndiye niliyefuta jina la chuo na kuandika kiwanda. Karani Wambui hakuwapo na hakujua. Sikupewa kitu." Nikatia sahihi. Nikamsukumia kitabu.

Alisoma mara mbili. "Kama hukupewa kitu, kwa nini?"

Nikamweleza habari za Tabutany, kwa sauti ndogo, na jinsi mzee alivyoniita. Bwana Mutiso ni Mkamba, nilidhani hataelewa. Akashika kichwa. "Yaani nimemfukuza mtu aliyefanya kazi miaka minne, kwa sababu ya nyanya aliyekufa kabla hujazaliwa?"

"Ndiyo, Bwana."

Alikitazama kitabu tena. Halafu akasema kwamba barua ya chuo iko Nairobi, na wakubwa wake hawatasikia hadithi ya chafya. Wanachotaka ni kitabu kinyooke. Kiwanda kikikubali kwa maandishi kurudisha zile namba, yeye atakipa fungu jipya kubwa mahali pengine, chuo kitapata nafasi yake ya kando bila kuhama, na hapo ataweza kumwandikia Dada Wambui barua ya kumsafisha na kumrudisha kazini. "Lakini kuomba, utakwenda wewe. Wewe ndiye uliyetoa."

Nikaenda kiwandani. Harufu ya majani yakikaushwa ilinijaa nguoni. Mzee arap Tonui aliponiona mlangoni alisimama, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Kogo wangu niliyewaambia." Wote wakasimama. Mama, wazee watano walisimama kwa ajili yangu.

Nikamwambia nimekuja kuziomba zile namba zirudi.

Akacheka. "Nyanya anarudia chakula alichompa mjukuu?"

"Hakikuwa changu," nikasema. "Kiliwekewa wengine. Mimi sikuwa na ruhusa ya kukutolea."

Fundi wao kijana akasema kwa heshima kwamba ni kweli namba zile zinawasumbua, na fungu jipya la pamoja lingekuwa bora. Mzee hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, na niliona uso wake ukikunjamana. "Baba yako pia alikuwa hivi," akasema. "Alitugeuzia mgongo, akazikwa kwa watu." Akaivuta karatasi, akatia sahihi, akanirudishia bila kuinua kichwa. "Chukua karatasi yako, karani."

Karani. Alisema kwa Kiswahili. Hakuna aliyesimama nilipotoka.

Barua ya Dada Wambui niliipeleka mwenyewe juzi Ijumaa, yenye muhuri. Aliisoma pale pale kando ya barabara, kwanza kimya, halafu kwa sauti, akimtafsiria mama yake. Mama yake akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena. Wakaikunja wakaiweka ndani ya Biblia.

Nikauliza, "Utarudi lini, Dada?"

"Jumatatu."

Nilifurahi, nikaanza kusema nitamfutia meza, nitamrudishia kikombe chake mahali pake. Akainua mkono.

"Nitarudi, lakini wewe usiwe pale."

Sikuelewa mara moja.

"Sikuchukii," akasema. "Ungekuwa mdogo wangu ningekuchapa yaishe. Lakini kila nitakapotoka mlangoni nitakuwa nawaza kitabu kiko na nani. Siwezi kufanya kazi hivyo. Nimechoka, Chepkoech."

Ningeweza kumwambia kwamba Bwana Mutiso hajanifukuza. Ni kweli, hakunifukuza. Alisema nibaki nijifunze, vijana hukosea. Ningeweza kumwomba Dada Wambui anivumilie mwezi mmoja tu. Nilifikiria. Nikamwambia, "Sawa, Dada." Akaniongezea viazi kwenye mfuko nimpelekee Shangazi, na alipovifunga alifunga vizuri, mafundo mawili.

Jana niliingia ofisini, nikafungua kitabu pale chini ya 127, nikaandika upya jina la chuo, safari hii kwa wino, Bwana Mutiso akiwa amesimama nyuma yangu. Nikampa ufunguo wa ofisi. Akasema ni makosa kuacha kazi kwa sababu hiyo. Nikamwambia ndiyo, Bwana. Hiyo ndiyo hotuba yangu yote.

Shangazi alipika vile viazi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Umeharibu kwa mzee, umeharibu kwa Mkikuyu. Sasa utakaa na nani?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, na mimi sikujua.

Kwa hiyo naja nyumbani, Mama. Najua ulijinyima ili nije huku, na ulikuwa unawaambia watu sokoni kwamba binti yako anafanya kazi ya kompyuta. Sasa itabidi uwaambie kitu kingine, na nakuomba usiwaambie kwamba niliugua. Waambie nilikosea, nikanyamaza, halafu nikasema nikiwa nimechelewa. Sitaki mtu mwingine tena abebe langu. Nitaondoka hapa Alhamisi, na huenda nikafika pamoja na barua hii au hata kabla yake. Ikiwa umekasirika, nitakusaidia sokoni bila kuongea mpaka hasira ipungue.

Msalimie Chelang'at, mdogo wangu. Msalimie Bibi wa mlimani, mama yako, umwambie namletea majani chai. Msalimie Mjomba Mwadime, kaka yako, aliyenibebea sanduku mpaka kwenye basi akanikataza kulia. Na ukipita kaburini kwa Baba, palilia kidogo kwa niaba yangu. Ukimaliza umwambie kwamba Tabutany wake hakukaa sana.

Ni mimi mwanao, ninayekuja na sanduku lile lile,

Chepkoech.